Kujifunza takwimu mwenyewe kwa mtandao: mwongozo kutoka Homa Bay na Migori

Mtu wa Pwani akija kufanya kazi Homa Bay au Migori, kabla hajajua njia ya sokoni atakuwa ameshatajiwa namba. Ataambiwa kuwa huku asilimia 19.6 ya watu wazima wana virusi vya Ukimwi. Ataambiwa kuwa karibu msichana mmoja kati ya kila wanne wa miaka 15 hadi 19 amewahi kushika mimba. Namba hizi hazikutungwa. Ya kwanza ni ya Homa Bay, kutoka utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018. Migori ilikuwa asilimia 13.0 na Kenya nzima asilimia 4.9. Ya pili imetoka kwenye utafiti wa KDHS wa 2022, uliozipa Homa Bay na Migori asilimia 23 kila moja, ilhali taifa zima ni asilimia 15.

Taabu ni vile namba hizo zinavyosomwa. Kwa namba hizohizo wakubwa huamua mradi uende wapi, magazeti huchagua vichwa vya habari, na watu baki huamua nani wa kuoa na nani wa kuogopa. Sisi wa Pwani hatuna haja ya kufundishwa hilo. Kilifi, Kwale na Lamu nazo zina namba zao zinazotembea mbele yao kila mahali. Asiyejua kusoma namba husomewa na wenzake, na msomaji wa kuazima husoma analolitaka.

Mimi ni mtu wa Mwambao niliyeletwa huku ziwani na kazi. Takwimu nimejifunza mwenyewe kwa simu na kompyuta kuukuu, na jioni huwa nasoma pamoja na vijana wachache wa hapa: wahudumu wa afya ya jamii, mwalimu, na karani wa kamati ya ufuo. Swali lao ni lilelile ninaloulizwa na jamaa zangu walioko Mombasa: nianzie wapi, kwa nyenzo gani, na nitajuaje kwamba nyenzo hiyo ni nzuri? Makala haya ni jibu langu.

Jua kwanza unataka nini

Mtandao umejaa masomo ya takwimu, na wingi huo ndio unaowapoteza wengi. Kabla hujafungua tovuti yoyote, chagua moja kati ya haya matatu.

La kwanza ni kusoma namba za wengine: ripoti ya serikali, habari ya gazeti, tangazo la dawa. La pili ni kuchanganua data zako mwenyewe: daftari la mapato ya mashua, alama za wanafunzi, rejista ya zahanati. La tatu ni kufanya utafiti wa chuo, au kuingia katika kazi ya data. Wengi wetu twahitaji la kwanza na la pili, na hayo mawili hayahitaji hesabu ngumu kuliko za kidato cha nne. Anayeanza na la tatu wakati haja yake ni la kwanza huchoka wiki ya tatu, akadhani akili yake ndiyo yenye kasoro.

Namna ya kupima nyenzo

Nina vipimo vinne, na nyenzo isiyopita vitatu kati ya hivyo naiacha.

Kipimo cha kwanza ni mazoezi yenye majibu. Takwimu ni kama kuogelea; hakuna aliyejua kuogelea kwa kutazama wengine wakiogelea. Video nzuri isiyo na zoezi itakupa furaha ya kuelewa, lakini kesho yake utakuwa umesahau.

Kipimo cha pili ni data halisi. Kitabu kinachorusha sarafu na dadu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho hakijakufundisha kukaa na data chafu, zenye mapengo na makosa ya karani.

Cha tatu ni mwandishi anayejulikana. Tafuta jina lake, chuo chake, na mwaka wa toleo. Mfululizo usio na jina, unaoishia kwa kuuza cheti, uache.

Cha nne ndicho chenye makali: fungua sehemu inayoeleza thamani ya p. Ikisema kuwa thamani ya p ya 0.03 maana yake ni uwezekano wa asilimia 3 kwamba matokeo yalitokea kwa bahati tu, funga. Maana sahihi ni hii: kama kweli tofauti haipo, uwezekano wa kupata data zenye tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ni asilimia 3. Kauli hizi mbili zinafanana kwa sikio lakini hazifanani kwa maana, na nyenzo nyingi za bure huteleza hapo.

Nyenzo ninazozipendekeza

Kwa anayeanza kabisa, Khan Academy. Ni shirika lisilo la faida, na masomo yake yote ni ya bure. Somo lake la takwimu litafute kwa jina Statistics and Probability. Video ni fupi, na kila mada ina mazoezi yanayosahihishwa papo hapo. Ukikosa, unaoneshwa hatua moja moja. Kipimo cha kwanza imekipita kuliko zote ninazozijua.

Kwa kitabu, yako mawili na yote ni bure kwa faili la PDF. La kwanza ni Introductory Statistics cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, kilichoandikwa na Barbara Illowsky na Susan Dean. Hicho huenda polepole na kina mazoezi mengi mno. La pili ni OpenIntro Statistics cha David Diez, Mine Çetinkaya-Rundel na Christopher Barr, ambacho huenda kasi kidogo lakini karibu kila mfano wake umetoka kwenye data halisi. Chagua kimoja, umalize. Mwenye vitabu viwili nusunusu hana kitabu.

Kwa pale unapokwama, StatQuest ya Josh Starmer kwenye YouTube. Huchukua jambo moja, akalivunja vipande vidogo, akalijenga tena taratibu. Usiifanye kuwa kozi. Ifanye kama jirani unayemwendea na swali.

Kwa kuona kwa macho, tovuti ya Seeing Theory iliyotengenezwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown. Humo unachezesha michoro kwa kidole na kuona jinsi sampuli kubwa inavyotulia na ndogo inavyoyumba.

Kwa aliye na hesabu za kalkulasi na anayetaka kwenda mbali, kozi namba 18.05 ya MIT OpenCourseWare ina maelezo, maswali na majibu yake, bila malipo na bila kujiandikisha. Na kwa kunoa sikio, kipindi cha redio cha BBC kiitwacho More or Less huchunguza namba zilizotajwa kwenye habari na kuonesha zilikosewa wapi. Hicho unaweza kukisikiliza ukiwa ndani ya matatu kutoka Migori hadi Rongo.

Neno kuhusu programu za akili mnemba zinazojibu maswali: zinasaidia kueleza dhana kwa Kiswahili, na hilo si jambo dogo. Lakini hukosea hesabu kwa sauti ya mtu aliye na hakika. Ziulize maana, hesabu ifanye mwenyewe au kwa programu ya takwimu.

Ukiwa na bando dogo

Vitabu vyote viwili nilivyovitaja hupakuliwa mara moja, kisha husomwa bila intaneti mpaka mwisho. Fanya kazi hiyo siku utakapofika maktaba, chuo, au kituo cha Ajira chenye mtandao wa bure. Video zitazame kwa ubora wa chini. Mwalimu anaandika ubaoni, hachezi mpira. Shule au kikundi chenye kompyuta moja kinaweza kuweka Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa kwa mahali pasipo intaneti. Masomo ya Khan Academy huwekwa ndani yake mara moja, na simu au kompyuta nyingine zilizo karibu huyafungua kupitia hiyo moja.

Jifunzie kwa namba za nyumbani

Hapa ndipo palipo moyo wa makala haya. Nyenzo zote nilizozitaja zimetengenezwa mbali, na mifano yake ni ya huko. Anayesoma mifano ya huko peke yake hufaulu mazoezi, kisha hushindwa na gazeti la Jumapili. Kwa hiyo kila mada unayoimaliza, ijaribu papo hapo kwa namba za hapa. Nyingi ziko kwenye tovuti ya KNBS, shirika la serikali la takwimu, na kusoma ripoti zake ni bure. Nakupa mazoezi matano.

Zoezi la kwanza, wastani. Tuseme mashua saba za ufuo wa Sori zimepata kwa siku shilingi 800, 900, 1,000, 1,100, 1,200, 1,300 na 11,900. Wastani ni shilingi 2,600, lakini mashua sita kati ya saba hazikuzidi hata nusu ya hapo. Ukizipanga kwa ukubwa na kuchukua iliyo katikati, yaani mediani, unapata 1,100. Mashua moja iliyoangukia mbuta wakubwa imewatajirisha wenzake kwenye karatasi tu. Ukisikia wastani wa mapato ya wavuvi, wa Sori au wa Shimoni, uliza mediani.

Zoezi la pili, idadi na kiwango. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay, 1,116,436 Migori na 143,920 Lamu. Homa Bay ina watu karibu mara nane ya Lamu. Kwa hiyo habari inayosema kwamba Homa Bay ina wagonjwa wengi kuliko Lamu haijasema kitu bado. Gawanya kwa idadi ya watu kwanza, ndipo ulinganishe.

Zoezi la tatu, kulinganisha miaka. Ripoti ya kaunti ya mwaka 2014 ilikadiria maambukizi ya virusi vya Ukimwi Homa Bay kuwa asilimia 25.7. KENPHIA ya 2018 ikasema 19.6. Je, yameshuka kwa kiasi hicho? Huwezi kusema hivyo kwa namba hizi mbili. Ya kwanza ilikuwa makadirio yaliyounganisha data za vyanzo mbalimbali. Ya pili ilipima damu za watu majumbani. Mizani mbili tofauti hazikwambii kama mzigo umepungua. Tena kuna jambo kubwa zaidi: asilimia hii huhesabu wote wanaoishi na virusi. Dawa zikifanya kazi watu huishi, na wakiishi asilimia hubaki juu. Anayetaka kujua ugonjwa unaenea kiasi gani sasa atafute maambukizi mapya kwa mwaka. Mji wenye asilimia kubwa huenda ni mji unaowatunza vizuri wagonjwa wake.

Zoezi la nne, sampuli. Wafanyabiashara wetu wa nafaka wana bambo, kile chuma chenye mfereji cha kudungia gunia. Hawamwagi gunia zima ili kujua mchele ulivyo. Hudunga hapa na pale, wakatazama kilichotoka. Utafiti kama KDHS ni bambo. Mwaka 2022 uliwahoji wanawake 32,156 nchini kote, na kwa taifa zima hao wanatosha. Lakini ukigawanya kwa kaunti 47, kisha ukabakisha wasichana wa miaka 15 hadi 19 pekee, kila kaunti hubakiwa na wachache.

Tuseme kwa mfano waliohojiwa kaunti moja ni 150, na asilimia 23 wamewahi kushika mimba. Zidisha 0.23 kwa 0.77, gawanya kwa 150, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.96. Utapata karibu 0.067, yaani asilimia 7 kila upande. Ukweli waweza kuwa popote kati ya 16 na 30. Na kwa vile tafiti hizi huchagua vijiji kwanza kisha nyumba, upana halisi huwa mkubwa zaidi ya hapo. Sasa tazama orodha ya 2022: Meru 24, Homa Bay 23, Migori 23, Kajiado 22. Ukizipanga kaunti hizo kama timu za ligi, ya kwanza hadi ya nne, umepanga upepo. Hilo halifuti tatizo. Asilimia 23 ni wasichana wengi, na Samburu yenye asilimia 50 iko mbali nao kweli. Lakini tofauti ya pointi moja isimfedheheshe wala kumsifu mtu.

Zoezi la tano, faida ya mradi. Kisiwani Rusinga, Homa Bay, watafiti wa ICIPE na wenzao walitega mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua. Nyumba ziligawanywa katika vikundi 81, vikawekewa mitego kwa zamu iliyopangwa kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa 2016 katika jarida la Lancet, na muhtasari wake unasomeka bure kwenye PubMed. Penye mitego, watu 1,552 kati ya 6,550 walikutwa na malaria. Pasipo mitego, 2,002 kati ya 5,795. Gawanya mwenyewe: asilimia 23.7 dhidi ya 34.5.

Watafiti wanaandika kwamba malaria ilipungua kwa asilimia 29.8. Mwingine atasema ilipungua kwa pointi 10.8. Wote wawili ni wakweli: mmoja analinganisha na pale pa mwanzo, mwingine anatoa tu. Muuzaji wa dawa atakupa namba kubwa kati ya hizo mbili. Wewe uliza zote. Kisha tazama mpaka waliouandika, asilimia 20.9 hadi 38.0. Hata upande wa chini kabisa bado kuna faida. Hivyo ndivyo mpaka husomwa.

Programu za kufanyia hesabu

Anza na jedwali la kawaida: LibreOffice Calc ni bure na haihitaji intaneti. Linatosha kwa wastani, mediani, asilimia na michoro.

Ukizidiwa, hamia R, programu ya bure iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, ambayo sasa hutumiwa na watafiti dunia nzima. R huandikwa amri, na wengi huikimbia kwa sababu hiyo. Wao nawaelekeza kwenye njia mbili. Ya kwanza ni swirl, kifurushi kinachokufundisha R ukiwa ndani ya R yenyewe, swali kwa swali. Ya pili ni R-Instat, inayofanya kazi ya R kwa kubofya menyu kwenye Windows. Hiyo imetokana na mradi wa African Data Initiative, ambao Chuo Kikuu cha Maseno, jirani yetu hapa upande wa Kisumu, kilishiriki kuuanzisha. JASP ya Chuo Kikuu cha Amsterdam nayo ni ya kubofya na ni bure.

Usinunue programu, na usitumie ya wizi. Hizi za bure zinatosha hadi shahada ya uzamivu.

Daftari la maneno

Karibu nyenzo zote nzuri ziko kwa Kiingereza. Weka daftari, na kila dhana mpya iandike kwa Kiswahili chako, kwa sentensi moja ambayo mama yako angeielewa. Haya ni yangu. Sampuli: sehemu unayoipima ili kujua zima. Mediani: namba ya katikati baada ya kupanga. Mchepuko: namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Mpaka wa uhakika: eneo ambamo ukweli huenda umo. Rigresheni: mstari unaoonesha kitu kimoja hubadilika vipi kingine kikibadilika. Usipoweza kuiandika sentensi hiyo, rudi nyuma; bado hujaelewa.

Mpango wa wiki 12

Saa moja kwa siku, siku nne kwa wiki, zinatosha. Wiki ya 1 hadi 3, wastani, mediani, michoro na kutawanyika, kwa Khan Academy. Wiki ya 4 hadi 5, uwezekano. Wiki ya 6 hadi 8, sampuli na mpaka wa uhakika, kwa kitabu ulichokichagua, hapa usiharakishe. Wiki ya 9 hadi 10, kulinganisha makundi mawili na thamani ya p. Wiki ya 11, rigresheni. Wiki ya 12, chukua jedwali moja la ripoti ya KNBS kuhusu kaunti yako, uandike kurasa mbili: linasema nini, halisemi nini, na ungeuliza nini zaidi.

Usisome peke yako. Watu watatu wanaokutana Jumamosi moja kwa nusu saa watafika mbali kuliko mmoja mwenye kompyuta mpya. Na kila mmoja alete namba aliyoisikia wiki hiyo redioni, au iliyotumwa kwenye kundi la simu, muipime pamoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kaunti nayo ni vivyo hivyo. Siku afisa atakaposimama mbele ya baraza, Mbita, Kehancha au Mpeketoni, akasoma asilimia na kukaa chini, awepo mtu mmoja wa kunyoosha mkono na kuuliza kwa adabu: asilimia ya watu wangapi, waliochaguliwa vipi, mwaka gani, na mpaka wake ni upi? Maswali manne hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji wiki kumi na mbili na mtandao.